Shingo Yangu na Ndege wa Gramu 10

Mimi ni mtu wa Tanga niliyezoea kumtazama ndege akiwa juu ya sinia, lakini tangu mke wangu anunue darubini, ukiingia mwezi wa tano hapa New York nyumba yetu haina usingizi. Kila usiku Mama Salma huchungulia hali ya upepo kwenye simu kama nahodha wa jahazi anayengoja kusi, kwa sababu ndege wanaorudi kaskazini kutoka Amerika ya Kusini husafiri usiku, na upepo ukiwasukuma vizuri, alfajiri hushuka Central Park kutafuta viwavi wa kifungua kinywa. Upepo ukigeuka kuwa wa kusini, basi mimi nimekwisha.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka zamu ya usiku saa kumi, na saa kumi na moja nikavutwa blanketi.

"Baba Salma, amka, wameshuka!"

"Nani?"

"Vaa viatu."

Tulikwenda moja kwa moja hadi Ramble, ile sehemu ya bustani yenye vijia vinavyojipinda kama vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako niliwakuta watu wapatao 30, watu wazima na akili zao, wamesimama chini ya mwaloni mmoja, vichwa nyuma na midomo wazi, kama makinda wanaosubiri kulishwa. Walikuwa wakimtafuta Blackburnian, ndege wa gramu 10 hivi mwenye koo la rangi ya machungwa kama kaa linalopulizwa, ambaye, kwa ukorofi tu, hupenda kukaa kileleni kabisa. Nilitazama juu kwa dakika 40. Niliona majani, kisha majani mengine, kisha kitumbo kidogo kama zambarau, ambacho kiliondoka kabla sijamaliza kuzungusha kigurudumu cha darubini.

Nami nikitaka kuonekana nimo, nilimwona ndege mweusi anayemetameta, mwenye madoa kama amemwagiwa ufuta, akitembea kwenye nyasi kwa madaha mbele ya viatu vyangu. Nikanyoosha kidole na kupaza sauti. Darubini 30 ziligeuka kwa pamoja, zikamwangalia, zikarudi mtini bila neno. Mke wangu aliniinamia kwa aibu akaninong'oneza kwamba huyo ni kwezi wa Ulaya, hahesabiwi, kwa kuwa bwana mmoja aitwaye Eugene Schieffelin alileta kama 60 na kuwaachia humu humu bustanini mwaka 1890. Hebu fikiria! Kiumbe ambaye ukoo wake umekaa mjini hapa zaidi ya miaka 130, anayevumilia theluji ambayo akina Blackburnian huikimbia, bado anaitwa mgeni, na yule anayepita siku mbili akila bila kuaga ndiye anayeamkiwa alfajiri. Kwa kuwa mimi mwenyewe nina miaka 11 tu hapa, nilimtazama yule kwezi kwa huruma ya kindugu, naye akaninyea kiatu.

Tangu siku hiyo shingo imekataa kushuka. Kwenye treni nasoma matangazo ya darini peke yake, na msimamizi wangu kazini ameniuliza mara mbili kama paa linavuja. Jana usiku nilimkuta Mama Salma ameshika simu, anatabasamu.

"Unavuma kutoka wapi?" nikauliza.

Hakunijibu, aliniwekea viatu mlangoni.