Nilisema "Siyo"

Juzi nimetuma shilingi 15,000 zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Tarakimu moja tu, 6 badala ya 9, na miwani iko ndani. Nikapiga huduma kwa wateja. Zamani alikuwa akipokea binti, ukimsalimu anaitikia. Siku hizi wamemweka mwanamke wa kompyuta: "Baada ya mlio, sema kwa ufupi unachohitaji."

Kwa ufupi! Mimi mtu wa Wete, sijapata kumweleza mtu haja yangu kabla sijamjulia hali. Nikatoa salamu, nikauliza za huko, ndipo nikaingia kwenye shida. Kaniacha nikamaliza, kisha: "Umesema, kununua bando la wiki. Ni sahihi?"

"Siyo."

"Asante. Bando lako…"

"Siyo! Siyo, mama!"

"Asante."

Elfu tatu nyengine hizo. Mke wangu alikuwa ukumbini anachambua karafuu, akauliza nagombana na nani. Nikamjibu, na mwanamke. Yaliyofuata hapo siyaandiki.

Mtoto wa kaka yangu anasomea kompyuta Unguja, kaja likizo. Kacheka mpaka kakaa chini. "Ami, simu ya kawaida haibebi sauti yako nzima. Hupitisha mitetemo ya 300 mpaka 3,400 kwa sekunde, basi. Mvumo mwingi wa S uko juu ya hapo."

Kumbe ndiyo maana kwenye simu watu husema "S ya samaki, F ya Fatma"! S yangu imevuliwa mlangoni kama viatu msikitini, ikaingia "iyo" peku. Kompyuta ikipata "iyo" inakisia neno lililo karibu, na lililo karibu ni ndiyo. Ajabu, haikosei hata siku moja kwa kunipunguzia bei.

Eti Marekani, maabara ya Bell, watu wa simu, mwaka 1952 walikuwa na mashine yao ya kutambua maneno, Audrey. Ilijua tarakimu tu, sifuri mpaka tisa, tena za mtu iliyezoeshwa sauti yake. Mimi ningeitaka hiyo hiyo. Shida yangu si ilikuwa tarakimu?

Nikapiga tena, nikajaribu "La!" Ikasikia laini mpya. Kijana akaninong'oneza: "Sema hapana, Ami, haina S." Nikaanza kusema, muuza kahawa akapita anagonga vikombe. "Samahani, sijakusikia." Tukamngoja apite mpaka pembeni.

"Hapana."

"Sawa. Sema kwa ufupi unachohitaji."

Alhamdulillahi. Nikavuta kiti, nikakohoa kidogo. "Assalamu alaykum, mama. Habari za tokea juzi…"