Ngoma Haichezwi na Uso

Fungua simu yako utafute picha za ngoma za Zanzibar. Utapata nyuso: bibi aliyefumba macho akiimba, kijana anayechuruzika jasho, mtoto anayechekelea mbele ya wapigaji. Nyingine ni nzuri mno. Sasa mpe picha hizo mtu ambaye hajawahi kuuona msewe, ngoma ya wanaume wa Pemba, umwambie ajifunze hatua moja tu. Hataweza, maana miguu haimo. Sisi tunaosoma sanaa hapa Visiwani tunawapiga picha wachezaji kana kwamba wanaomba pasipoti, halafu tunaziita picha hizo kumbukumbu.

Bi Kidude, mwimbaji na mpiga ngoma wetu, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na uso wake wenye mikunjo, sigara mkononi, umeshazunguka dunia nzima. Kwa anayetaka kujifunza msondo, elimu ilikuwa chini ya uso huo: namna alivyoifunga ile ngoma ndefu kiunoni kwa kanga, ilivyokaa kati ya miguu yake, kiganja kilipoangukia na vidole vilipogusa ukingo wa ngozi. Picha za aina hiyo utazitafuta kwa tochi.

Kosa hili lina ukoo. Studio za mwanzo za Mji Mkongwe, zikiwemo za Gomes na Coutinho, ziliuza kadi za posta kwa wageni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kamera ilikuwa kisanduku kizito juu ya miguu mitatu, sahani za kioo zilitaka mwanga mwingi, na ngoma zetu nyingi ni za usiku. Mpiga picha aliyetaka picha kali alilazimika kuwaita wachezaji mchana na kuwaambia watulie. Ukikutana na picha ya zamani, ichunguze kabla ya kuiamini. Wachezaji wote wakitazama lenzi, ngoma haikuwa ikichezwa. Vivuli vikiwa vifupi chini ya nyayo, ilikuwa karibu na adhuhuri, saa ambayo watu wazima hawatoki kucheza juani kwa hiari yao. Viganja vikiwa vimelala bapa juu ya ngozi, wapigaji wamepangwa.

Hata hivyo sizidharau picha za kupangwa. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, cha Culture Musical Club mwaka 1958. Weka kando kwa kando picha za vikundi vya taarab za miongo tofauti, wanamuziki wameketi na ala zao mapajani, na utahesabu mwenyewe ganuni, udi, nai na fidla, uone akodioni inaingia lini na nani ameacha kanzu akavaa suti. Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza, imetuachia somo la mavazi na sura za mji ambalo maandishi mengi hayalifikii. Kupanga si dhambi. Dhambi ni kupanga, kisha ukaandika chini yake kwamba ngoma ilikuwa ikichezwa.

Tuje kwenye kazi yenyewe, na tuanze na msewe wa Pemba kwa kuwa ndio unaoharibiwa zaidi. Wanaume hufunga miguuni misewe ya majani yaliyosukwa yenye vitu vya kulia ndani, kwa hiyo mguu ni ala na ni mchezaji kwa wakati mmoja. Picha ya kwanza ipigwe kabla ya ngoma kuanza: msewe chini, haujafungwa, kiganja cha mtu kando yake ili ukubwa ujulikane. Ya pili, ukifungwa: juu au chini ya kifundo, mizunguko mingapi, fundo liko upande gani. Hapo ndipo uingie uwanjani. Kaa kimo cha goti, mita tatu au nne kutoka kwa wachezaji, lenzi ya milimita 35, shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) 1/60 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mguu uliokanyaga hubaki mkali na ule unaoinuka huacha ukungu kidogo, kwa hiyo anayetazama anajua uzito wa mwili uko wapi. Wapiga picha wa harusi hupenda 1/1000. Ukiitumia hapa, miguu yote inaganda hewani na hakuna anayeweza kusema unapanda au unashuka. Ukishuka hadi 1/15, unapoteza yote miwili. Piga mfululizo wa fremu sita hadi nane bila kusogea, mzunguko mmoja wa mdundo, na uziweke zote. Usichague moja nzuri ukafuta wenzake, kwa sababu hatua iko katika mpangilio. Tena usibadilishe lenzi uwanjani. Vumbi linalopanda kwenye msewe huingia ndani ya kamera na madoa yake utayaona mwezi mzima.

Ngoma ya ndege ni kinyume chake. Wanawake husonga mbele polepole wakiwa na miavuli ya rangi, hatua zao zikilingana, na hapo kamera inakuwa rafiki. Tatizo ni mwavuli: ukiwa mwekundu, uso ulio chini yake unageuka mwekundu, na kamera inayojipangia rangi yenyewe inajaribu kusahihisha hadi kanga zote zinaharibika. Funga mizani ya rangi kwenye alama ya jua, ukubali nyuso ziwe na rangi ya mwavuli. Ndivyo zilivyo.

Kibati sitasema mengi. Ni majibizano ya papo kwa papo yanayoimbwa haraka juu ya ngoma za kasi, na picha pekee haikufai kitu. Rekodi sauti.

Maulidi ya homu hupigwa picha vibaya kwa sababu ya heshima. Watu wanajisogeza mbele kabisa, katikati, na kupata safu ya kanzu nyeupe iliyonyooka. Uzuri wake ni wimbi linalopita kwenye miili ya waliopiga magoti, na wimbi halionekani kwa mbele. Nenda kwenye ncha ya safu, upande, juu kidogo ya vichwa, na uache mabega yapishane ndani ya fremu. Omba ruhusa kwa kiongozi kabla, si kwa mwenye ukumbi. Na jihadhari na kanzu: zikijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zinakuwa nyeusi zisizo na macho. Ongeza theluthi mbili ya hatua ya mwanga kwenye kamera. Kwenye simu, gusa uso, kisha telezesha kidole juu kidogo. Ukiona nyuzi za kanzu zimefutika, umezidisha.

Kidumbak kina ala chache, na kila moja inastahili picha yake: fidla, dumbak mbili, mkwasa, cherewa na sanduku. Hili la mwisho huonyeshwa kama sanduku tu, wakati ufundi wote uko kati ya uzi na mti ulioufunga. Fremu ionyeshe mkono unaokwanyua uzi na mkono unaouvuta mti, kwa pamoja, maana pembe ya mti ndiyo inayopandisha na kushusha sauti. Halafu geuka. Wachezaji wako nyuma yako, na viuno ndivyo vinavyojibu mdundo. Beni, ngoma ya mitaani ya matarumbeta, nayo ina maradhi yake: wapiga picha hutembea kinyumenyume mbele ya tarumbeta na kurudi nyumbani na mashavu yaliyovimba. Tembea ubavuni, kwenye mpaka wa wapigaji na wachezaji, ili picha moja ionyeshe nani anamfuata nani.

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kila Julai, umekuwa picha moja: kibanda cha makuti kinawaka. Moto unachukua dakika chache. Nyimbo za wanawake waliojipamba huchukua muda zaidi, nazo ndizo zenye maneno, kejeli na majina ya watu, lakini ikifika saa yao kamera nyingi zimeshaingizwa mikobani. Kama ningekuwa nagawa kazi kwa kundi la wanafunzi watano, ningempa mmoja moto na wanne nyimbo.

Mwanga wa ukumbini unahitaji neno moja la kifundi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250 ndani ya ukumbi utapata mistari myeusi inayokatiza nyuso, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Tumia 1/50 au 1/100, pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200, vumilia chembechembe. Video iwe fremu 25 kwa sekunde, si 30. Flashi iache, inaua mwanga wa ukumbi na inawakera wazee. Kwenye taarab, kabla hujachagua pa kusimama, tazama njia ambayo akina mama hupita kwenda kumtuza mwimbaji. Ukiiziba, utaambiwa, na utakuwa umestahili.

Kwa sauti, usikae mbele ya spika wala mbele ya mdomo wa tromboni. Simu inaposhtushwa na pigo kubwa hujishusha yenyewe, kisha hupanda taratibu, na mdundo unakuwa unapumua. Rudi nyuma mita nne au tano. Ukiwa na kinasa sauti, kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, na uache kirekodi bila kukatwa tangu wapigaji wanapowamba au kukausha ngozi kwenye moto hadi watu watakapotawanyika.

Maelezo ya picha ndiyo sehemu inayonikasirisha. "Ngoma ya asili, Zanzibar" si maelezo. Andika ngoma gani, kijiji gani, tarehe, shughuli gani, kikundi gani, ala zipi na ngapi, nani anatoa wimbo, mstari wa kwanza wa wimbo, duara linazunguka upande gani, wanawake na wanaume wamesimama wapi. Andika usiku uleule. Picha moja ichukuliwe kutoka juu, barazani au ghorofani, ionyeshe uwanja mzima. Bila hiyo, picha nyingine zote hazina pa kukaa. Usitume nakala asili kwa WhatsApp kama picha, maana inazibana na kufuta taarifa za siku na saa zilizomo. Zitume kama faili. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba. Kikundi kipewe zake zote, hata zile ulizoona mbovu, kwa kuwa mpigaji ngoma anaweza kuona jambo ambalo wewe hukulijua.

Kuna mahali kamera haiingii. Unyago ni mmoja, na ndani ya harusi za wanawake ambako buibui zimevuliwa ni pengine. Kusema "ni kwa ajili ya utafiti" hakubadilishi kitu. Mwanafunzi wa kike aliyekubaliwa na somo, yaani kungwi, anaweza kuingia na daftari, akachora ngoma zilivyopangwa na kuandika anachoruhusiwa. Mchoro ule una faida zaidi ya picha ya kuiba, ambayo hutaweza kumwonyesha mtu.

Kazi ambayo haihitaji ngoma yoyote kuchezwa iko makabatini mwa familia. Albamu zenye karatasi za kunata zinakula picha, na unyevu wa bahari unazigandisha kwenye plastiki. Usizibandue kwa nguvu, rangi itabaki kwenye plastiki; zipige picha hapohapo zilipo. Fanya hivyo karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, kamera iwe sambamba na karatasi, bila flashi, na kipande cha karatasi nyeupe pembeni kwa ajili ya rangi. Picha isiyoganda igeuze. Nyuma kunaweza kuwa na muhuri wa studio, tarehe, jina la aliyetumiwa, pengine ubeti. Piga na upande huo, uupe namba ileile ya mbele ukiongeza herufi b. Kisha keti na mwenye albamu, washa kinasa sauti, na umwache aende picha kwa picha kwa mwendo wake. Negativu zinazonuka siki zitenge na nyingine siku hiyohiyo, maana zimeshaanza kuoza na zinaharakisha kuoza kwa jirani zake.