Ndege Iliyonuka Saluni

Mtu akikukuta umeinamia ndege mpya uliyoipaka rangi kwa majuma matatu, na pembeni umeweka kisosi cha masizi ya sufuria tayari kwa kuipaka, ana haki ya kukuuliza kama u mzima. Mama mkwe wangu, aliyefika kutoka Tanga Jumamosi hiyo kuwaona wajukuu, aliniuliza kwa adabu kubwa kuliko niliyostahili.

Ndege yenyewe ilikuwa modeli ya plastiki ya F-14 Tomcat, ndege ya kivita ya Marekani, kwa kipimo cha 1 kwa 72, ambayo shemeji yangu aliniletea kutoka Ujerumani ikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Ndege halisi ina urefu wa mita 19 na kidogo. Yangu ilikuwa na sentimita 26, ikatawala meza ya chakula, nasi tukawa tunakula mikekani. Niliipendea mabawa. Tomcat huyatandaza hadi nyuzi 20 inaporuka na inapotua juu ya manowari ya kubebea ndege, kisha huyavuta nyuma hadi nyuzi 68 inapotaka kwenda mbio, na waliotengeneza modeli ile walificha tumboni mwake gia mbili ndogo za plastiki zilizoumana meno, ili ukivuta bawa moja, la pili lifuate lenyewe. Jioni nilikuwa nikipaka rangi, na usiku, watoto wakishalala, nikiyafungua na kuyafunga mabawa kwa kisingizio cha kuyakagua.

Balaa lilianza pale nilipoona kwamba ndege imependeza mno. Ndege za manowarini hazipendezi. Chumvi ya bahari hula bati, kwa hiyo kila mkwaruzo hufunikwa kwa rangi huko huko baharini, kwa kijivu kinachokaribiana tu na kile cha awali, hadi ndege inafanana na suruali yenye viraka. Mafuta huvuja na kuchirizika tumboni, na mafundi hupanda mgongoni kwa viatu vyenye grisi. Jeshi la majini la Marekani lilizitumia Tomcat tangu 1974 hadi 2006, na ukitazama picha zake utaona madoa mengi kuliko rangi. Modeli inayong'aa kama sahani ya sherehe, kwa mtu anayejua, ni aibu. Kwa hiyo nilikusudia kuichafua kitaalamu.

Poda maalumu za kazi hiyo huuzwa ng'ambo kwa bei ya kilo kadhaa za nyama, nami uani nina jiko la mkaa na sufuria kubwa ya wali ambayo tako lake halijaona mwanga tangu tuoane. Mke wangu, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kunikuta nimeishika sufuria ile ila ikiwa na chakula, alisimama mlangoni akanitazama nikiikwangua kwa kisu, na uso wake ukaanza kuchanua. Nilipomweleza kwamba siisafishi, bali nachukua masizi ya kupaka nyuma ya injini, na kwamba sufuria nitairudisha kama ilivyokuwa, alirudi ndani bila kusema neno. Maelezo yale ningeweza kuyachelewesha.

Kabla ya masizi, hata hivyo, hutangulia rangi nyeusi ya mafuta iliyozimuliwa hadi ikawa nyepesi kama mchuzi wa siku ya pili. Unaigusisha kwa ncha ya brashi kwenye mistari ya maungio ya mabati, nayo hukimbia yenyewe ndani ya mfereji. Ikianza kukauka, unafuta iliyozidi kwa kitambaa, na mstari unabaki umekolea uchafu wa miaka. Ya kuzimulia huwa ni tapentaini, ambayo haiudhuru ukoko wa rangi ya akriliki ulio chini. Yangu ilikuwa imeisha. Asubuhi hiyo nilikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani, nikiwa na mafua yaliyonifanya niseme kwa kifupi, nikaomba "ile ya kuzimulia rangi." Kijana akanijazia chupa ya maji ya nusu lita, nikalipa, nikaondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?" Mama mkwe aliketi, akakitazama kisosi, akaitazama ndege. "Kitu kipya kizuri namna hii, mwanangu, masizi ya nini tena? Umzima lakini?"

Nilimweleza habari za chumvi na viraka. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kama anayepewa taarifa ya mgonjwa, kisha akasema, "Haya. Mbona humu ndani mnanuka saluni?"

Mimi sikunusa kitu. Nikagusisha brashi kwenye shina la bawa la kushoto.

Kwa muda wa kupepesa jicho, mstari ule ulijaa vizuri kuliko wote niliowahi kujaza. Kisha rangi iliyouzunguka ikajikunja kama utando wa maziwa yanayopoa, stika ya nyota ikanyanyua pembe zake, na mfereji uliokuwa mwembamba kama unywele ukaanza kupanuka mbele ya macho yangu. Nilidhani nimezidisha, nikafuta kwa kitambaa. Kitambaa kikaja na kijivu chote hadi plastiki nyeupe ikaonekana, na juu ya plastiki hiyo, iliyokuwa sasa laini kama ubani uliotafunwa, likabaki dole gumba langu lenye mistari yote, safi kuliko lile nililotoa siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa. Kwa kiherehere nikavuta mabawa kuona kama yanafanya kazi. La kulia lilirudi nyuma kwa utiifu. Tumboni kitu kikasema "tik". La kushoto halikutikisika.

Jumatatu nilirudi dukani na chupa. "Si ulisema ya kuzimulia rangi, kaka?" kijana akasema. "Hiyo ndiyo thina wanayopulizia mafundi wa magari." Thina hiyo huyeyusha plastiki, na hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha; lakini kwa gari la bati sikuwa na neno la kumjibu.

Ndege imekauka hivyo hivyo: bawa moja mbele, jingine nyuma. Nilitaka kuitupa, hadi nilipokumbuka kwamba katika miaka ya 1980 wahandisi wa Grumman, waliounda Tomcat, waliirusha kwa makusudi bawa moja likiwa mbele na jingine limevutwa nyuma, ili kujua kama rubani aliyepatwa na hitilafu hiyo angeweza kutua, na ikatua salama. Sikuongeza neno, niliipandisha juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni anayeuliza nampa historia hiyo kwa kirefu.

Juzi nilikuwa nikimweleza jirani, naye akiitikia kwa heshima, pale binti yangu wa miaka minane aliposogeza kigoda, akapanda, akaikagua ndege kwa karibu, kisha akauliza, "Na hili dole, baba, nalo waliliweka wahandisi?"

Nilimtuma akamletee mgeni maji, ingawa jagi lilikuwa mezani limejaa.