Tuache Kumalizana Barabarani

Ajali nyingi za bodaboda hapa Mwanza hazifiki polisi wala mahakamani. Zinaishia palepale kwenye lami, Buzuruga, Igoma, au kwenye mteremko wa Mabatini mvua ikinyesha. Watu wanajaa, aliyeanguka anainuliwa na kupanguswa vumbi, mzee mmoja anasema "jamani, elewaneni", elfu hamsini inatoka mfukoni, na kila mtu anashika njia yake. Ndiko kumalizana. Tunaona ni uungwana, na nakubali una uungwana wake: dereva ni mtoto wa watu, jioni anasubiriwa na hesabu ya bosi, na hakuna anayefurahi kumwona kijana akilala mahabusu.

Hata hivyo napinga kumalizana kwa namna hii, kwa sababu wanaoelewana dakika ile hawajui wanaelewana juu ya nini. Mwili ukiwa na mshtuko hausemi ukweli wote. Mtu mwenye ufa kwenye mfupa anaweza kusimama na kutembea. Aliyejigonga kichwa anaweza kuongea vizuri kabisa, akataja jina lake na mtaa wake, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu, na baada ya saa chache akapoteza fahamu. Elfu hamsini imelipia nini hapo?

Jirani yangu mmoja, mama anayechukua dagaa Mwaloni Kirumba na kuuza mtaani, alikuwa abiria wa bodaboda gari dogo lilipowagonga kwa nyuma. Akapewa hela, akaambiwa pole mama, akarudi nyumbani akichechemea. Goti lilipovimba akapigwa picha: mfupa umepasuka. Kuanzia hapo kila kitu kikawa juu ya familia, dawa, nauli za kliniki, ada ya watoto, na mtaji wa dagaa ukaliwa wote. Mwenye gari alipopigiwa simu alijibu kwa upole tu kwamba "mbona tulishamalizana, mama". Hakukuwa na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wala namba ya gari iliyoandikwa popote, wala shahidi mwenye jina. Kuna ajali iliyotokea mbele ya watu thelathini, na hakuna hata mmoja wa kuithibitisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule dereva pengine asingetoa hata senti yake mwenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Ipo kwa ajili ya mtu kama yule mama. Bodaboda wanaobeba abiria kwa malipo nao wamo. Ukiwa na namba ya usajili unaweza kuhakiki kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, hata kwa simu, kama chombo kina bima hai. Kwa hiyo anayesisitiza karatasi zijazwe hamkomoi dereva. Anaupeleka mzigo kwa kampuni iliyokwisha kulipwa ili iubebe. Kampuni ikizungusha, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ya kuipelekea malalamiko.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui hadi wamechelewa. Dereva akishtakiwa kwa kosa la barabarani na akapigwa faini, ile faini inakwenda serikalini. Kwa kawaida majeruhi hapati kitu humo. Fidia yake ni dai tofauti, la madai, na analifungua yeye mwenyewe au wakili wake. Nimesikia familia zikisema "kesi iko mahakamani, tunasubiri", miaka inapita, kumbe kesi wanayoisubiri si ya kwao. Na muda una mwisho: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la madhara ya namna hii lina miaka 3. Ikipita, mlango umefungwa hata kama mguu bado unauma. Aliyefariki naye haachwi. Mwenzi wake, wazazi na watoto waliokuwa wakimtegemea wana haki ya kudai.

Sasa hiyo PF3. Fomu inatoka polisi, ni bure, na daktari ndiye anayejaza majeraha aliyoyaona. Majeruhi wa dharura anatakiwa atibiwe kwanza, fomu ifuatwe na ndugu baadaye. Lakini ifuatwe, hata kama umechubuka tu, na hata kama mmeshaelewana. Kama dereva anataka kusaidia nauli ya hospitali, pokea, ila usisaini kijikaratasi cha "sina dai tena" kabla daktari hajasema neno. Piga picha ya namba ya gari na mahali lilipo kabla halijasogezwa. Chukua simu za watu wawili walioona. Halafu risiti: mahakama zetu hazilipi gharama kwa kukisia. Kila shilingi unayosema uliitumia kwenye dawa, kipimo au nauli lazima uithibitishe. Maumivu na hasara nyingine hakimu anaweza kuyapima mwenyewe, lakini si bei ya kipimo cha picha. Mama yetu alikuwa akipangusia mikono risiti zake. Nani alikuwa amemwambia?

Ziwani mambo ni yaleyale, ila huko karatasi inatakiwa iandikwe kabla ya ajali. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imeshakaribia Mwanza, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mpaka leo tunataja idadi ya waliokufa kwa makadirio. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na Ukara, ikitokea Bugolora. Kivuko kilikuwa na uwezo wa watu 101, na waliokufa peke yao ni 228. Ukipanda chombo chochote, hata mtumbwi wa injini wa kwenda visiwani, dai tiketi na dai jina lako liandikwe sawasawa, si "mama na watoto". Na ukiona watu wanaendelea kupandishwa wakati maji yamefika karibu na ukingo, shuka. Nauli itafutwa tena.

Wafanyakazi wana njia yao. Aliyekatwa kidole kwenye kiwanda cha kuchakata sangara hahitaji kubishana kosa lilikuwa la nani; Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unalipa kwa ajali za kazini, na mchango unatoka kwa mwajiri, si kwenye mshahara wako. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Bodaboda anayeendesha chombo cha bosi bila mkataba wowote mara nyingi hayumo, na hilo ni pengo ambalo vyama vyao vingepaswa kulipigia kelele kuliko vinavyofanya sasa.

Nakuja kwenye helmeti ya abiria. Nimesikia sababu zote: inanuka jasho, inaharibu nywele, safari ni fupi, natoka Pasiansi naishia Kirumba tu. Basi nunua ya kwako, itembee nawe kama mwavuli. Kukaa bila helmeti, au kupanda mshikaki watu watatu kwenye pikipiki moja, kunaweza pia kukupunguzia fidia, kwa sababu mahakama inaangalia na wewe ulichangia kiasi gani katika kuumia kwako.

Ninachowaomba viongozi wa vijiwe ni kitu kidogo sana. Kila dereva awe na nakala ya bima yake mfukoni, na ajali ikitokea, wa kwanza kufika wa kijiwe aandike namba za vyombo vyote viwili kabla hajaanza kusuluhisha mtu. Mama wa dagaa bado yumo ndani ya ile miaka 3. Wiki hii tunakwenda kijiweni kumtafuta dereva aliyekuwa amempakia, maana huyo ndiye shahidi pekee tunayejua pa kumpata.