Pini 14 Kati ya 15

Tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa Uganda, sisi tunaokifundisha tumeitwa kwenye warsha zisizo na idadi, na katika kila warsha adui yangu ni yule yule: projekta.

Juzi, mjini Jinja, nilipewa dakika 30 za kueleza upatanisho wa kisarufi, yaani jinsi maneno ya sentensi yanavyokubaliana na nomino. Projekta ya pale ilikuwa na waya wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, teknolojia ya tangu 1987, ilhali kompyuta yangu ina tundu la HDMI tu. Bodaboda akatumwa kutafuta adapta, nami nikabaki nimesimama mbele ya wenzangu nikitabasamu kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Aliporudi tukachomeka, ukuta ukabaki buluu tupu. Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja alitaka tuzime tuwashe. Mwingine aliupuliza waya kama anayepoza uji. Wa tatu alivaa miwani, akahesabu pini, akatangaza kwa huzuni kwamba ziko 14 badala ya 15. Nilimweleza kwamba pini ya 9 huachwa na watengenezaji wengi na picha hutokea bila hiyo, lakini nani atamsadiki mtu ambaye picha yake haionekani?

Hatimaye ukuta ukapata nuru, ila ukaonyesha jambo moja tu, picha niliyoipambia kompyuta yangu: mimi, katika fulana ya ndani, ninaguguna mfupa wa mbuzi siku ya Krismasi. Slaidi zilibaki kwenye kioo changu, maana kompyuta ilikuwa imejiamulia kuutandaza uso wake hadi ukutani badala ya kuurudufu. Watu wazima 40 walinitazama nikila, mpaka nilipokumbuka kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua kurudufu.

Slaidi ya kwanza ikatokea. Kabla sijafungua kinywa, pembeni ukachomoza ujumbe wa muuza nyama: “Mwalimu, pesa yangu iko wapi? Siku mingi sasa.”

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono.

“Samahani, Mwalimu, hapo si ‘siku nyingi’?”

“Na ‘pesa zangu ziko wapi’,” akadakia jirani yake.

Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza kama ndiyo nyama ile ya pichani. Tuliuchambua ujumbe ule neno kwa neno hadi dakika zangu zikaisha, na slaidi 22 nilizokesha nikiziandaa sikuzifungua.