Wingi wa Wasikilizaji Si Kipimo cha Ufundi

Hakuna ubishi unaonichosha kama ule wa kulinganisha muziki wa kufokafoka, yaani rapu, na roki, kwa sababu karibu kila mara watu huchanganya mambo mawili tofauti: nani anasikilizwa zaidi, na nani anatunga vizuri zaidi. Mwaka 2017, takwimu za kampuni ya Nielsen zilipoonyesha kwamba rapu pamoja na R&B zimeipita roki kwa kusikilizwa nchini Marekani, mashabiki wa rapu walishangilia kana kwamba suala la ubora nalo limeamuliwa, ilhali mashabiki wa roki, waliojivunia viwanja vilivyofurika kwa miongo mingi, ghafla wakadai kwamba umaarufu si kitu.

Kinachonikera zaidi ni kauli kwamba rapu si muziki kwa kuwa haihitaji gitaa. Anayemsikiliza rapa Rakim kwa makini, akafuatilia anavyopachika vina katikati ya mstari na si mwishoni tu, na anavyoyatanguliza au kuyachelewesha maneno dhidi ya mapigo ya ngoma, hawezi kusema hivyo kwa dhati. DJ Kool Herc, mmoja wa waasisi wa muziki huo, kule Bronx, New York, mwaka 1973, alirefusha vipande vya ngoma kwa kutumia mashine mbili za kuchezea santuri. Mikononi mwake mashine hizo zilikuwa ala. Wala roki haistahili dharau: mpiga gitaa Jimi Hendrix aliuchukua mlio wa kikuza sauti, ambao wengine waliuona kuwa hitilafu, akaufanya uimbe. Isitoshe, Herc na Hendrix wote wawili walikuwa wakichota katika kisima kilekile cha muziki wa Wamarekani weusi.