Sikukuu za watakatifu zianzie mezani kwetu

Katika familia nyingi za Kikatoliki ninazozifahamu hapa Dar es Salaam, mtoto wa miaka minne anaijua siku yake ya kuzaliwa na keki anayoitaka. Ukimuuliza sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu ambaye alipewa jina lake kwenye ubatizo, ni lini, hajui, na mara nyingi wazazi wake nao hawajui. Jambo hili linaniuma. Jina lile tulilitaja wenyewe mbele ya padre, tukaimba litania ya watakatifu, kisha tukaenda nyumbani na mtoto, mtakatifu wake tukamwacha kanisani.

Nasema hivi: sikukuu za Kanisa zisherehekewe nyumbani, mezani, pamoja na watoto. Parokia inafanya sehemu yake. Kuna Misa, kuna Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, kuna jumuiya inayokusanyika siku ya somo wake. Lakini mtoto hupima ukubwa wa jambo kwa kuangalia linavyoigusa nyumba yake. Simba na Yanga wakicheza, chakula kinawahi na viti vinahamishwa. Ikifika Agosti 15, Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na pale nyumbani hakuna kilichobadilika, mtoto ameshaelewa kipi kina uzito kwetu.

Sikukuu ninayoipenda kuliko zote kuiadhimisha na wanangu ni ya Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 waliouawa kwa ajili ya imani yao, Juni 3. Mimi ni mtu wa Kagera, kwa hiyo Uganda ni jirani kabisa. Tena watu wengi husimulia kifo cha mashahidi hawa wakaruka kilichotangulia. Novemba 1882 Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliondoka Buganda, wakaenda kusini mwa ziwa, Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi hadi 1885. Muda wote huo hapakuwa na padre wala Misa, na bado Wakristo waliongezeka. Waliongezekea majumbani. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alikuwa akifundisha dini nyumbani kwake. Mathias Mulumba naye alifanya hivyo kule Mityana. Ndani ya jumba la Kabaka, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwalea kiimani vijana waliokuwa wakitumika pale. Wengi wa mashahidi hawa walipochomwa moto Namugongo Juni 3, 1886, ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Imani waliyoifia waliipata kwa watu wa kawaida, wenye kazi zao na familia zao. Mzazi anayeniambia kwamba kufundisha dini ni kazi ya katekista, huwa namsimulia habari za Kaggwa.

Kwetu tunaanza jioni ya kuamkia siku yenyewe, kama Kanisa linavyozianza sherehe zake kubwa kwa masifu ya jioni. Hata kwa wazazi wanaotoka kazini saa kumi na moja jioni, hapo ndipo panapowezekana. Ndizi nazifuata soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, nazipika na maharage kama alivyopika mama yangu, na nikipata majani ya mgomba nafunikia. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayesimamia mshumaa. Kisha tunasoma majina yote 22, kwa zamu, wengine wakiitikia "utuombee". Majina ya Kiganda huwapa watoto shida mwanzoni, Ssebuggwawo, Banabakintu, lakini wakiyarudia yanakaa. Tukifika kwa Kaggwa, kijana wangu anageuza ndoo na kupiga ngoma, na hapo hakuna anayemwambia anyamaze.

Wanayemuulizia zaidi ni Kizito. Alikuwa na umri wa miaka kama 14, na Karoli Lwanga alimbatiza yeye na wenzake watatu usiku, Munyonyo, kabla hawajapelekwa mbele ya Kabaka Mwanga. Binti yangu aliniuliza, "Mama, Kizito aliogopa?" Nikamwambia naamini aliogopa, na inasimuliwa kwamba Karoli alimwahidi kumshika mkono. Akatafuna kidogo, akauliza, "Sasa mbona hakukimbia?" Baba yake akaweka kijiko chini, tukaongea mpaka ndizi zikapoa.

Wapo wanaoona watoto wasiambiwe habari za moto. Sikubaliani nao. Sielezi maumivu kwa kina. Nasema walichomwa, nasema walikataa nini na kwa sababu gani, nasema walikwenda wakisali pamoja. Msalaba upo ukutani sebuleni, na mtoto anauona kila siku. Tukimficha habari za mashahidi, tunamwachia watakatifu wa kwenye picha tu, wenye nyuso nzuri na wasiokuwa na historia.

Gharama nazo husemwa sana. Tumezoea Komunyo ya kwanza yenye kamati, michango, ukumbi na MC, kwa hiyo mtu akisikia "sikukuu" anahesabu pesa kwanza. Ya nyumbani haidai hivyo. Mshumaa, sala, chakula ambacho mngekula hata hivyo ila kimepikwa kwa makini zaidi, na mzazi anayeijua habari ya mtakatifu vizuri. Hilo la mwisho ndilo linalotaka maandalizi.

Wala usijaribu kalenda nzima, mtachoka wote. Chagua chache. Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, weka mezani picha za babu na bibi waliotangulia, kila mtoto amtaje mmoja katika sala. Februari 8 ni ya Yosefina Bakhita, aliyeuzwa utumwani kutoka Sudan na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Desemba 1 ni ya Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, na wasichana wetu wanastahili kumjua. Baada ya hizo, kila mtoto na somo wake. Kama mwanao amebatizwa kwa jina lisilo la mtakatifu, toa cheti chake cha ubatizo, angalia tarehe aliyobatizwa, muiadhimishe hiyo. Mwiteni na msimamizi wake wa ubatizo aje kula nanyi.